Wageni wa Mwezi wa Kumi na Moja

(Hotuba iliyotolewa Mandewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimepewa robo saa niseme juu ya ndege. Najua wapo ambao wangependa kusikia habari za fedha, lakini hizo atazisema Mweka Hazina, na sidhani kama mtafurahi.

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, wakati sisi Singida tunatazama mawingu na kunoa majembe, huko Ulaya ya kaskazini na Siberia majani ya miti hupukutika, siku huwa fupi na wadudu hutoweka. Ndege alaye wadudu hana budi kuhama. Wapenda ndege wa huko huingia misituni na darubini zao kuwaaga. Sisi ndio wenye kuwapokea. Yule mbayuwayu akaaye juu ya waya wa umeme ana uzito wa gramu 20 hivi, naye amevuka jangwa la Sahara. Vitwitwi wadogo wanaokimbia kwenye matope ya chumvi ya Singidani na Kindai, baadhi yao wameanguliwa karibu na Ncha ya Kaskazini. Heroe si wa safari hiyo. Wao huzaliana kwenye Ziwa Natron na huzunguka katika maziwa yetu ya magadi.

Zamani Wazungu hawakujua ndege wao huenda wapi. Wapo wataalamu walioandika kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji mpaka baridi iishe! Mwaka 1822 akaonekana Ujerumani, karibu na Klütz, korongo mweupe mwenye mkuki wa Kiafrika uliopenya shingoni. Alikuwa ameruka nao mpaka kwao. Wakampiga risasi, na hadi leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Basi habari ya kwanza ilitoka huku kwetu, ingawa mwandishi alikusudia kitoweo. Ilipofika 1899, Hans Christian Mortensen wa Denmark akaanza kuwavika ndege pete za alumini zenye namba. Alikuwa mwalimu wa shule, kama hawa walioketi mbele yangu.

Sasa nije shambani. Korongo huyo mweupe, mwenye mabawa meusi nchani na mdomo mwekundu, hula viwavijeshi na panzi kwa wingi. Kozi wa Amur, atokaye mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, hupita kwetu mvua za kwanza zinaponyesha na kudaka kumbikumbi angani. Hawa hawali mtama wetu hata punje moja.

Alaye ni kwelea kwelea, naye si mgeni kutoka Ulaya. Kila mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja ni tani 10. Simlaumu mkulima wa uwele anayelilia ndege ya kunyunyizia sumu, maana njaa haina subira. Lakini sumu ile haichagui. Kozi na korongo wakimla kwelea aliyenyunyiziwa hufa nao, na mwakani viwavijeshi hukosa mlaji. Tena watoto huokota mizoga na kuipeleka jikoni, jambo la hatari kabisa. Wenzetu wa Kondoa huwanasa kwelea kwa nyavu na mitego ya vikapu, wakala na kuuza. Kwa maoni yangu njia hiyo ijaribiwe kwanza panapowezekana. Ikibidi kunyunyizia, wanakijiji waambiwe mapema na mizoga ifukiwe.

Ninyi wanafunzi nawaomba jambo dogo. Wekeni daftari moja shuleni, mwandike tarehe mliyomwona mbayuwayu wa kwanza, korongo wa kwanza, na siku mvua ilipoanza. Andikeni pia majina ya Kinyaturu mtakayopewa na babu zenu, maana vitabu vingi havinayo.

Kesho saa kumi na mbili alfajiri nitakuwa ukingoni mwa Singidani. Darubini ninazo mbili tu, kwa hiyo tutapokezana. Manati yabaki nyumbani.