Mkalimani Asifungiwe Ndani ya Ghala

Natumaini kila mmoja ana daftari na penseli mbele yake. Leo tutazungumza juu ya kompyuta, na hasa juu ya programu moja ndogo ambayo ikikosekana kompyuta nzima haiamki. Jina lake ni draiva ya kidhibiti cha diski. Msiliogope jina hilo refu, tutalifungua polepole.

Siku hizi hesabu za vyama vya ushirika na habari za wagonjwa huandikwa katika kompyuta. Maandishi hayo hukaa katika diski. Basi diski ni ghala. Mlangoni pa ghala pana mlinzi, naye ndiye kidhibiti, yaani kifaa cha umeme kinachoingiza na kutoa habari za diski. Tena yuko msimamizi wa kazi zote, ndiye kiini cha mfumo. Msimamizi akitaka daftari la hesabu, humwagiza mlinzi amletee.

Taabu ni hii: walinzi hutengenezwa na viwanda mbalimbali, na kila aina ina lugha yake. Kwa hiyo hapana budi awepo mkalimani kati ya msimamizi na mlinzi. Mkalimani huyo ndiye draiva.

Mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 huko Marekani, katika maabara za Bell, na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Walipanga kwamba vyombo kama diski vionekane kama mafaili, nayo yakawekwa mahali paitwapo /dev. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, alianza kuandika kiini cha Linux kwa kufuata mfano wa Unix. Katika Linux, draiva nyingi ni vipande vya pembeni viitwavyo moduli. Msimamizi huviita anapovihitaji.

Sasa fikirini kidogo. Moduli hizo huwekwa wapi? Huwekwa katika diski ile ile! Ili ghala lifunguliwe, anatakiwa mkalimani. Na mkalimani amelala ndani ya ghala. Tufanyeje?

Mafundi walitengeneza furushi dogo liitwalo initramfs. Kompyuta inapowashwa, programu ya kuamsha huchukua kiini na furushi hilo kwa msaada wa programu iliyojengwa ndani ya mashine yenyewe. Msimamizi hufungua furushi, humtoa mkalimani, na ghala hufunguka. Kwa hiyo asipokuwamo mkalimani katika furushi, kazi yote husimama.

Tutwae mfano. Kompyuta ina mfumo wa Debian, ambao ni wa jamii ya Linux. Fundi anataka kuhamisha diski kutoka kidhibiti cha zamani kwenda kadi mpya ya SAS, ambayo draiva yake ni mpt3sas. Afuate hatua hizi.

Kwanza, anakili maandishi yote katika diski nyingine, na kuiweka mbali na mashine hiyo.

Pili, azime kompyuta na kuchomeka kadi mpya, lakini diski ibaki kwa mlinzi wake wa zamani. Kisha awashe na kuandika: lspci -k. Ataona orodha ya kadi, na chini ya kadi jina la draiva inayoitumikia.

Tatu, mara nyingi mfumo humwita mkalimani wenyewe. Kama hakuitwa, fundi mwenye mamlaka ya msimamizi mkuu aandike: modprobe mpt3sas. Kisha atazame tena ile orodha.

Nne, aandike neno mpt3sas katika mstari wa peke yake ndani ya faili /etc/initramfs-tools/modules. Halafu atoe amri: update-initramfs -u. Amri hiyo hufunga furushi upya. Kwa kawaida furushi la Debian hubeba draiva nyingi. Lakini mashine iliyopangwa kubeba zile inazozitumia tu huweza kumwacha nje mgeni huyu.

Tano, atazame faili /etc/fstab. Diski iliyoitwa /dev/sda jana huenda ikaitwa /dev/sdb leo, kwa kuwa kadi imeongezwa. Yafaa kutumia alama ya kudumu iitwayo UUID. Amri ya blkid itamwonyesha alama hiyo.

Sita, ahakikishe kwamba mashine inakubali kuamkia kwenye kadi hiyo. Ndipo azime, ahamishe waya, na kuwasha.

Je, ikikataa? Huenda kioo kikaonyesha maneno ya kwamba diski haipo, kisha neno initramfs likingoja amri. Hapa ndipo watu wengi hupata hasara. Hushikwa na hofu, huweka mfumo upya juu ya diski, na hesabu za miaka mingi hufutika kwa mkono wao wenyewe. Wala kadi ikiuliza kama diski ianzishwe upya, msikubali. Kwa kawaida ghala ni zima, na mali imo. Anayekosekana ni mkalimani. Zimeni, rudisheni waya kwa mlinzi wa zamani, washeni, na mtazame furushi.

Mnaona, ndugu zangu, kusoma kuna faida gani? Asiyejua kusoma huyaona maneno yale kama tangazo la msiba. Ajuaye kusoma hutafuta jina lililokosekana.

Sasa andikeni pamoja nami, herufi kwa herufi: m, p, t, tarakimu 3, s, a, s. Herufi moja ikikosewa, mkalimani hatafika. Kisha mjibizane darasani maswali matatu. Mlinzi wa ghala ni nani? Kwa nini mkalimani huwekwa katika furushi? Na fundi afanye nini kabla ya kugusa waya wo wote?

Mwalimu atawasahihishia. Kwa herini, mpaka somo lijalo.