Viti vya Wageni Vyuoni

Katikati ya mwaka, wakati mpunga wa bonde la Usangu unavunwa na magunia yanapangwa kwenye mashine za kukoboa za Chimala na Igurusi, wilayani Mbarali, matokeo ya kidato cha sita nayo hutoka. Hapo hesabu mbili za familia huwa moja: gunia litauzwa bei gani, na mtoto atapata chuo gani. Wengi huomba vyuo vya jirani. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, na Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa na Ruaha cha Wakatoliki. Wengine hutupa jicho Morogoro au Dar es Salaam.

Jina la mtoto lisipoonekana kwenye orodha ya waliochaguliwa, lawama hutafuta pa kutua. Wapo wanaoilaumu serikali, wapo wanaolaumu mtandao wa maombi, na siku hizi wapo wanaouliza kama nafasi hazichukuliwi na wageni. Zambia iko hapo Tunduma, Malawi iko hapo Kasumulu, na ada wanayolipa wanafunzi kutoka nje mara nyingi ni kubwa kuliko ya Mtanzania. Kwa nini chuo kisiwapendelee? Na kama kinaweza kuwapendelea, kwa nini kisiwekewe kikomo?

Swali hilo haliulizwi Mbarali peke yake. Januari 2024 serikali ya Canada, kupitia waziri wake wa uhamiaji Marc Miller, ilitangaza kikomo cha miaka miwili cha vibali vya wanafunzi wa kigeni. Kwa mwaka huo wa 2024 vibali vipya vilikadiriwa kuwa takriban 360,000, pungufu kwa asilimia 35 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Mwanzoni mwa mwezi huohuo, kiasi cha fedha ambacho mwombaji anapaswa kuonyesha kuwa anacho kwa ajili ya kujikimu kilikuwa kimepandishwa kutoka dola 10,000 za Canada hadi 20,635, mbali na ada. Vijana wa Kitanzania waliokuwa wamejipanga kwenda Toronto au Winnipeg waligundua ghafla kwamba mlango ulikuwa umesogea.

Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa uhaba wa nyumba, na kweli kodi za nyumba zilikuwa zimepanda mno. Lakini mzizi wa jambo ulikuwa chini zaidi. Mwaka 2019 serikali ya jimbo la Ontario ilipunguza ada za wanafunzi wa ndani kwa asilimia 10, kisha ikazizuia zisipande. Vyuo vikabaki na pengo, na walioliziba ni wageni, ambao ada yao haikuwekewa kizuizi. Chuo kimoja cha jimbo hilo, Conestoga, kilipata vibali zaidi ya 30,000 mwaka 2023 pekee. Mji mdogo ukipokea watu wengi kiasi hicho kwa mkupuo, mwenye nyumba hufurahi, mpangaji hulia. Na kikomo kilipowekwa, kilio kikahamia kwa walimu. Novemba 2024 Chuo cha Sheridan, nacho cha Ontario, kilitangaza kusimamisha programu 40. Wenyeji waliodhani watapata nafasi zaidi wakakuta baadhi ya kozi zimesimamishwa, kwa sababu mgeni ndiye aliyekuwa analipia mishahara.

Hiyo ni nchi iliyopokea wageni wengi mno kwa sababu ya fedha. Tanzania iko mbali sana na hapo. Wanafunzi wa kigeni katika vyuo vyake vikuu ni sehemu ndogo sana ya wanafunzi wote, na darasa la chuo cha Nyanda za Juu Kusini linaweza kupita mwaka mzima bila mgeni hata mmoja. Kwa hiyo anayedai kikomo hapa anadai ukuta wa kuzuia mafuriko mahali ambapo mvua haijanyesha.

Hata hivyo historia ya nchi hii ina sura moja ambayo wageni walijaa kweli madarasani, na hakuna aliyewaita wavamizi. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wachache wasiojaza basi dogo. Hicho kilikuwa kitivo cha kwanza cha sheria katika ukanda huu. Mkenya au Mganda aliyetaka kusomea sheria nyumbani Afrika Mashariki alikuja Dar. Juni 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akawa mkuu wake. Kazi ziligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kijana wa Mbeya aliyetaka kuwa mhandisi alifunga safari ya Nairobi, na hakuna aliyeona ajabu.

Katika mabweni ya Mlimani, kampasi ya chuo cha Dar es Salaam, miaka hiyo alikaa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni, aliyesoma hapo kati ya 1967 na 1970. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, alisomea sheria hapohapo. Mhadhiri aliyewasisimua wengi, Walter Rodney, alitoka Guyana. Mtu anaweza kubishana kuhusu alichokifanya kila mmoja wao baadaye, na ubishi huo ni mrefu, lakini jina la chuo hicho lilisikika mbali kwa sababu ya mchanganyiko huo.

Mpango huo haukudumu. Julai 1, 1970 chuo kikuu cha pamoja kilivunjwa, kila nchi ikachukua kipande chake. Kila serikali ilitaka madaktari, wahandisi na wanasheria wake, kwa idadi iliyopangwa na mipango yake yenyewe ya maendeleo. Sababu hiyo si ya kubezwa. Nchi iliyokuwa na madaktari wa kuhesabika haikuweza kungoja jirani aigawie nafasi. Lakini gharama yake ilikuwa kujenga mara tatu kile kilichokuwa kimejengwa mara moja.

Miaka 27 baadaye, Septemba 1997, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, walikutana Blantyre, Malawi, wakatia saini Itifaki ya SADC ya Elimu na Mafunzo. Ndani yake kuna jambo ambalo wazazi wengi wa Chimala hawajawahi kuambiwa. Itifaki hiyo inapendekeza vyuo vikuu vya nchi wanachama vitenge angalau asilimia 5 ya nafasi zao kwa wanafunzi kutoka nchi nyingine za SADC. Zaidi ya hapo, inataka hatimaye wanafunzi hao watozwe ada sawa na wenyeji. Angalia mwelekeo wake. Ujerumani, katika masomo yanayogombaniwa kama udaktari, kwa kawaida hutenga asilimia 5 hiyohiyo kwa waombaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, na kwao hiyo ni dari. Chuo Kikuu cha St. Gallen, Uswisi, kimekuwa kwa miaka mingi na dari ya asilimia 25 na mtihani wa kuingilia kwa wageni. Kwa SADC asilimia 5 ni sakafu, kiwango ambacho chuo hakitakiwi kushuka chini yake. Chuo chenye wanafunzi 10,000 kingekuwa na wageni 500 wa ukanda huu. Hiyo ndiyo ahadi ambayo Tanzania ni sehemu yake, na kelele za kuweka kikomo zinasahau kwamba sakafu yenyewe bado haijaguswa.

Sasa, mtoto wa Chimala aliyekosa nafasi ameikosa wapi? Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, na ndani yake kila kozi imeandikiwa idadi ya wanafunzi inayoruhusiwa kupokea. Kikomo kwa hiyo kipo tayari, ila kinahesabu viti, vitabu, maabara na walimu, hakiulizi pasipoti. Na mara nyingi viti hivyo havijai. Ndiyo maana TCU imekuwa ikifungua awamu ya pili ya udahili, na miaka mingine ya tatu. Kozi kadhaa za vyuo binafsi hutafuta wanafunzi mpaka siku ya mwisho. Mtoto mwenye sifa anayebaki nyumbani, mara nyingi kilichomkwamisha ni ada, au mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu uliokuja pungufu au usiokuja. Mikopo hiyo ni ya Watanzania tu. Mgeni haigusi.

Ukweli huo una upande mmoja usiofaa kufichwa, nao ni udaktari. Hapo viti vinagombaniwa kweli, na sababu haiko darasani, iko wodini. Mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari anahitaji mgonjwa wa kumpima, kitanda cha kuzungukia asubuhi na daktari bingwa wa kumsimamia. Ndaki ya Afya na Sayansi Shirikishi Mbeya, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inategemea Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Vitanda vya hospitali havizaliani kwa sababu ada imelipwa kwa dola. Wanafunzi kumi wakisongamana kwenye kitanda kimoja, mgonjwa anadhulumiwa na wanafunzi wote kumi hawajifunzi. Hapa kikomo cha wageni kina mantiki, na kinapaswa kutangazwa waziwazi kwa idadi: katika darasa la 100, watano wa SADC, basi. Wilaya ambayo watu wake wametibiwa miaka mingi katika hospitali ya misheni pale Chimala inajua maana ya kumsubiri daktari, na ina haki ya kutaka wanaosomeshwa wawe wengi wanaoweza kurudi Mbarali.

Nje ya udaktari na fani chache zinazofanana nao, mizani inageuka. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna kituo kinachowahusu moja kwa moja wakulima wa Usangu: kituo cha umahiri cha Afrika cha kudhibiti panya waharibifu. Yeyote aliyewahi kukuta mahindi yamefukuliwa siku chache baada ya kupandwa anajua ukubwa wa tatizo hilo. Kituo hicho ni kimoja kati ya vinne vilivyopatikana Tanzania katika mradi wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 2016. Viwili viko Sokoine, viwili viko Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Kila kituo kiliweza kupata hadi dola milioni 6, lakini fedha hizo hazikumwagwa tu. Zilitolewa kadiri kituo kilivyotimiza malengo, na mojawapo lilikuwa kudahili wanafunzi kutoka nchi nyingine za ukanda. Kwa maneno mengine, kila mwanafunzi wa shahada za juu aliyetoka nchi jirani alisaidia kuleta fedha za maabara ambayo Mtanzania naye anaitumia. Kumwekea kikomo mgeni wa namna hiyo ni kumfukuza anayechangia mfuko.

Zanzibar nayo imegeuza swali lenyewe. Mwaka 2023 taasisi maarufu ya teknolojia ya India, IIT Madras, ilifungua kampasi yake Unguja, ya kwanza ya taasisi za IIT nje ya India. Wanafunzi wake wa mwanzo walitoka Tanzania, India na kwingineko, wakakaa darasa moja. Nani mgeni hapo? Chuo ni cha Kihindi, ardhi ni ya Zanzibar.

Kuna pia upande wa watoto wanaotoka. Reli ya TAZARA inayopita Chimala ilihitaji wahandisi na mafundi wa kuiendesha, na mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa China kusomea kazi za reli kabla ya njia hiyo kukamilika. Beijing haikuwaambia nafasi ni za Wachina tu. Leo Watanzania wako katika vyuo vya Kampala, India, Uturuki na China, baadhi kwa ufadhili, wengi kwa fedha za wazazi waliouza shamba au ng'ombe. Anayetaka Dodoma ipunguze wageni ajiandae kusikia New Delhi ikisema hivyohivyo.

Kinachokosekana ni uwazi, na dawa yake haihitaji sheria mpya. Mwongozo wa TCU una safu ya kozi, safu ya sifa za kujiunga na safu ya nafasi zilizopo. Unaweza kuongezewa safu mbili: wageni wangapi walidahiliwa katika kozi hiyo mwaka uliopita, na viti vingapi vilibaki wazi. Mzazi wa Igurusi mwenye simu ya mkononi angeona mwenyewe kama kozi ya uhandisi aliyoiomba mwanawe ilikuwa na Wazambia ishirini au haikuwa na hata mmoja, na kama ilikuwa na viti vitupu arobaini. Vyuo vinavyopokea fedha za umma vingeanza, vya binafsi vingefuata, kwa kuwa takwimu zenyewe ziko kwenye kompyuta za ofisi za wasajili. Safu hizo ziwe tayari kabla ya dirisha la maombi, ambalo hufunguliwa muda mfupi baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa.