"Wetu kwanza" hospitalini: tuulize vizuri

Wengi mliomba nilichosema kwenye mkutano wa mtaa, kwa hivyo nimekiweka hapa kama uzi. Sitaji mwanasiasa wala chama.

Wakaazi wenzangu, kila msimu wa siasa tunaambiwa: "Dawa zimeisha kwa sababu wageni wamejaa. Wetu kwanza!" Ukiwa kwenye foleni tangu alfajiri, halafu uambiwe ukanunue dawa nje, maneno hayo yanaingia haraka. Naelewa kabisa.

Lakini dawa za hospitali za kaunti huagizwa KEMSA, na kaunti nyingi zimekuwa na madeni huko. Hilo deni si la mkimbizi. Bima nayo? SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Mama mboga halipi chini ya 300 kwa mwezi, na utaratibu ulianza ukimdai ya mwaka mzima mara moja. Hiyo ni 3,600. Sasa niambieni, akikosa hizo pesa pale Kayole, amezibiwa njia na Msomali wa Eastleigh? (Na wengi mnaowaita wageni ni Wakenya, tena walikaguliwa kuliko mimi na wewe kabla ya kupewa kitambulisho.)

Machi 2018 virusi vya polio vilipatikana kwenye maji taka ya Eastleigh. Si kwa mtoto aliyepooza, ni kwenye maji taka. Ikabidi kampeni ya chanjo, matone mdomoni kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kutoka Eastleigh hadi mtoto anayecheza kando ya mtaro Mathare ni mwendo wa miguu tu. Sasa kumbukeni msako wa Aprili 2014, watu wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Mama aliyepitia hayo, mtoto wake akipata homa, ataikimbilia kliniki au atajificha? Akijificha, virusi havijifichi naye.

Hii siasa si yetu peke yetu. Ufaransa, mrengo mkali wa kulia umepigania kwa miaka matibabu ya wahamiaji wasio na vibali yapunguzwe yabaki ya dharura tu. Na Januari 2025 Washington ilipositisha misaada ya nje, kwa kauli hiyo hiyo ya wetu kwanza, wahudumu wa kliniki za HIV hapa Kenya walirudishwa nyumbani na watu wakaanza kuhesabu tembe za ARV zilizobaki. Siku hiyo mgeni alikuwa mimi na wewe.

Katiba, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya, na hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kila mtu, si kila mwenye kitambulisho.

Kabla ya Agosti 2027 watapita Dandora, Umoja, Kariobangi. Akianza habari ya wageni, mwacheni amalize, halafu mumuulize: kaunti inadaiwa ngapi KEMSA, na utalipa lini?