Kabla Ramani Haijachorwa: Mto Chania na Mitaa Yetu ya Zamani

Yafuatayo ni mazungumzo ya mtaalamu wa mipango miji aliyestaafu mbele ya wakazi wa mji wa Nyeri. Tumeyachapisha kama alivyoyasema, ila tumeyafupisha mahali pachache.



Nimeombwa nizungumze juu ya miji na maji. Najua kuna wanaojiuliza maji gani, maana Nyeri haina bahari wala ziwa. Lakini tuna Chania. Mto huu unashuka kutoka Nyandarua, unapita bondeni chini ya mji wetu, kisha unaendelea na safari mpaka Tana. (Watu wa Thika nao wana Chania yao na wageni huchanganya mito hii miwili. Leo nazungumzia huu wetu.) Kwa zaidi ya miaka mia moja mji umeupa mto huu mgongo. Maduka, benki na ofisi vilibaki juu. Kule bondeni tukawaachia wenye kipato kidogo, mashamba ya sukuma wiki, na, tuseme ukweli, takataka.

Miji mingi ilianza hivyo hivyo, halafu siku moja ikageuka. Ardhi ya juu ikishajaa, macho huanza kutazama chini. Mtu anaona maji, miti na mandhari, anaona hoteli na nyumba za ghorofa. Mimi sina habari ya mradi wowote uliopangwa Chania, na msitoke hapa mkasema nimeutangaza. Nazungumza mapema kwa makusudi, kwa sababu nimeona kwingine kwamba mwananchi huitwa kwenye kikao wakati ramani imeshachorwa, na hapo hubaki kuchagua rangi ya viti vya bustani.

Nianze na Kisumu, kwa kuwa huko ndiko Kenya imejaribu jambo hili kwa upana zaidi kwenye maji yasiyo ya chumvi.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Tangu hapo ufuo ukawa mali ya reli na bandari: maghala, matangi ya mafuta, nyua za waya. Mji ukakua huku umelipa ziwa kisogo, kama sisi na Chania. Ukautembelea Kisumu miaka ile, ungeweza kukaa siku tatu usilione ziwa vizuri. Kuzunguka mji kukaota mitaa ya watu wa kawaida: Nyalenda, Manyatta, Obunga, Bandani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, biashara ya meli ikadorora na bandari ikasinzia. Ardhi ilibaki ya reli kwenye karatasi, lakini ardhi isiyotumika na mwenyewe hutumika na jirani.

Ndivyo Lwang'ni ilivyozaliwa. Lwang'ni ni neno la Kidholuo, maana yake nzi, na ukifika mahali penye samaki hivyo huhitaji kuuliza jina lilitoka wapi. Vilikuwa vibanda vya mabati ukingoni kabisa mwa ziwa. Unaketi, unachagua samaki wako, anakaangwa, analetwa na ugali, unakula kwa mkono huku unatazama maji. Mawaziri walikula hapo, makanga wakala hapo. Karibu yake vijana wakiosha magari. Watalii walipelekwa Lwang'ni kama sisi tunavyowapeleka wageni kuona kaburi la Baden-Powell.

Serikali ilipoamua kuifufua bandari, ardhi ya reli ilirudishwa kwa reli na vibanda vikabomolewa. Kisheria hapakuwa na mjadala mrefu: hawakuwa na hati. Bandari yenyewe Kisumu iliihitaji, mimi nakubali hilo, na meli zinazopeleka mafuta na mizigo Uganda ni jambo jema. Ila hebu tuhesabu pamoja. Ukimwambia ofisa ahesabu Lwang'ni, atahesabu vibanda. Lakini nyuma ya kila kibanda kuna mvuvi aliyemleta samaki, mama aliyemparua magamba, mwingine aliyeuza makaa, mwingine nyanya, mpishi wa ugali, msichana wa kuhudumu, na huyo kijana wa kuosha gari la mteja anapokula. Kibanda kimoja ni kamba ndefu, na kamba hiyo inaishia Nyalenda na Manyatta, katika vyumba vya kupanga, kwenye karo ya shule. Ukikata upande wa ziwani, mtaa wa nyuma ndio unaotoa damu. Ramani ya mradi haionyeshi kamba. Inaonyesha eneo tupu la kijani lililoandikwa ‘ardhi ya reli’.

Na si chakula tu. Februari 2021 familia za Wanubi waliokaa Kibos, viungani mwa Kisumu, kwa vizazi kadhaa, zilibomolewa nyumba kwenye ardhi iliyodaiwa na reli. Kibos haiko ufuoni. Naitaja kwa sababu mradi mkubwa wa maji huvuta barabara, reli na maghala mbali na maji yenyewe, na mtu wa mtaa wa tatu hudhani hayamhusu.

Ukitaka kuona upande mwingine wa jambo hili hapo hapo Kisumu, nenda Dunga. Kule wavuvi bado wanatia nanga, mafunjo yamesimama, na vijana huwapeleka wageni kwa mashua kutazama ndege. Ufuo umekuwa kivutio na wenyeji wangali ndani yake.

Mombasa nitapita haraka. Bustani ya Mama Ngina, pale karibu na feri ya Likoni, ilijengwa upya na sherehe za Mashujaa za mwaka 2019 zikafanyika hapo. Imependeza. Kabla yake palikuwa mahali pa familia kupunga upepo jioni, na wauza madafu na mihogo ya kukaanga walikuwa sehemu ya mahali hapo. Ninachowaomba mkumbuke ni kidogo: mahali pa wazi pakijengwa, swali la nani anaruhusiwa kuuza nini, na kwa ada gani, ni zito kuliko swali la aina ya mawe ya kutandika chini.

Zanzibar inastahili muda zaidi. Wengi wetu tunaujua Mji Mkongwe, ambao uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Wachache wanaijua Ng'ambo. Ng'ambo ni upande wa pili, kwa sababu zamani mkono wa bahari uliutenga na Mji Mkongwe. Maji yale yalikuja kufukiwa, pakawa barabara, lakini jina likabaki. Watu wengi wa mjini waliishi Ng'ambo, lakini urithi ulilindwa upande mmoja tu. Serikali ya Zanzibar ilipotaka kuifanya Ng'ambo kitovu kipya cha mji, ingeweza kuita matingatinga. Idara ya mipango miji badala yake ilianzisha kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, ikisaidiwa na wataalamu kutoka Uholanzi.

Walitembea mtaa kwa mtaa. Waliandika nyumba, ndiyo, lakini waliandika pia mabaraza ambayo wazee hukaa jioni, viwanja vya mpira, misikiti, kumbi za zamani za sinema, njia ambazo watu hupita kwa miguu. Vitu ambavyo havina hati wala bei, na ambavyo vikiondoka mtaa unabaki majengo tu. Hayo ndiyo yaliyowekwa mezani kabla ya kupanga nini kijengwe. Sisemi kila kitu kilikwenda sawa Zanzibar. Nasema mpangilio wa kazi ulikuwa sahihi: kwanza kuhesabu, halafu kuchora.

Sasa turudi nyumbani.

Mnakumbuka mvutano wa kuhamisha matatu kwenda kituo kipya cha Field Marshal Muthoni, kule Asian Quarter. Mji ulikuwa umesongamana na kituo kilihitajika; hata waliolalamika walijua hivyo. Lakini mwenye duka karibu na steji ya zamani aliona kitu ambacho mchoro haukuweza kumwonyesha: abiria alikuwa akipita mlangoni pake, na sasa hapiti. Funzo nililolichukua mimi ni kwamba kuhesabu magari ni rahisi, kuhesabu miguu ni kazi. Mwambieni mhandisi wenu ahesabu miguu. Muuza vitunguu wa Karatina atakuambia jambo hilo hilo: mteja hapandi ngazi mpaka ghorofa ya pili kufuata kitunguu.

Sasa chukueni funzo hilo mlishushe bondeni. Witemere iko wapi? Majengo je? Nyumba za zamani za manispaa, ambazo kaunti ilizirithi mwaka 2013, zimesimama wapi? Hiyo ndiyo mitaa itakayokuwa jirani wa chochote kitakachojengwa kuelekea mtoni. Na wengi wanaoishi humo ni wapangaji.

Hapa niseme polepole. Fidia katika nchi hii hufuata karatasi. Mwenye hati huitwa, mpangaji wa miaka ishirini husikia habari kwa jirani. Hata mtu asiye na haki yoyote ya ardhi, sheria ya ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka apewe ilani ya maandishi ya miezi 3 kabla ya kuondolewa. Miezi 3 ni muda wa kutafuta chumba, haitoshi kutafuta maisha mapya. Kwa hiyo kinachomlinda mpangaji ni daftari: orodha ya wakazi na wafanyabiashara iliyoandikwa kabla ya mradi kutangazwa, ikabandikwa hadharani, kila mtu akalisoma jina lake. Bila daftari hilo, siku ya kugawa nyumba mpya utashangaa mtaa wako ulikuwa na watu usiowajua.

Mkiahidiwa kwamba mtahamishwa kwa muda tu, ulizeni muda gani. Wakazi wa Soweto Mashariki kule Kibera walihamishiwa Lang'ata Septemba 2009 wasubiri nyumba zao. Nyumba zilikabidhiwa 2016. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza siku ya kuhama alikuwa anakaribia kumaliza la nane. Walipata nyumba, na hilo ni zaidi ya wengi. Lakini miaka 7 si muda, ni sehemu ya maisha ya mtu.

Kuhusu mto wenyewe, kanuni za maji huacha ukanda kando ya mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kulingana na upana wake. Ukanda huo haujengwi. Nimesikia sehemu nyingi kanuni hii ikitumiwa kumtoa mtu wa mabati, halafu mita hizo hizo zikapungua wakati wa kujenga kwa mawe. Pimeni wenyewe. Kamba ya mita 30 haigharimu pesa nyingi.

Na mlango wa kupitia upo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka rasimu ya mpango itangazwe na wananchi watoe maoni. Uamuzi ukitolewa na haujakuridhisha, una siku 14 kwenda kwenye kamati ya rufaa ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache mno kwa mtu anayesikia habari kanisani Jumapili ya pili. Ndiyo maana nasema kila mtaa uwe na watu wawili au watatu ambao kazi yao ni kusoma ubao wa matangazo wa manispaa na wa wadi. Wasiwe wanasiasa, tafadhali. Mama mwenye duka la kona anatosha, tena ndiye anayemjua kila mtu.

Pia msiende kwenye kikao mkiwa na hasira pekee. Nendeni na mchoro wenu. Karatasi ya daftari la shule inafaa: hapa ndipo watoto huvuka kwenda shule, hapa maji hufurika msimu wa mvua za masika, hapa kuna mafundi wa jua kali kumi na mbili, hapa wazee hukaa. Nilipokuwa kazini, mchoro kama huo ulinisumbua kuliko barua kumi za mawakili, kwa sababu barua ningeipeleka kwa wakili mwenzake, lakini mchoro ulinilazimu niende nikatazame.

Vijana wa bodaboda mnaokaa pale daraja la chini, nyinyi mnajua njia zote za miguu kati ya mitaa hii na mtoni. Nimewaletea karatasi kubwa na kalamu, ziko mezani mlangoni. Tukimaliza maswali, naomba mbaki nusu saa tuchore njia hizo, na wakazi wa Witemere na Majengo wabaki nasi.

Mzee, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja fidia. Karibu, uliza.