Kuhani Kando ya Mfereji: Ezekieli na Utumishi wa Ugenini

Mada kwa semina ya wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, Rau, Moshi



Ezekieli mwana wa Buzi alizaliwa katika ukoo wa makuhani. Mwaka 597 K.K. Wababeli walimchukua mfalme Yehoyakini pamoja na wakuu, askari na mafundi, na Ezekieli akawa miongoni mwa waliohamishwa. Aliishi Tel-abibu, kando ya Kebari, mfereji mkubwa uliopita karibu na mji wa Nippur. Sisi tunaoona maji ya mto Rau yakigawanywa kwenye mashamba ya mpunga ya Rau ya Kati tunaijua kazi ya mifereji. Tel-abibu palikuwa mahali pa jembe na tope, mbali kabisa na madhabahu.

Kitabu chake kinafunguka kwa kutaja mwaka wa 30, na wafafanuzi wengi wanasema huo ndio umri wake. Kwa mujibu wa Hesabu sura ya 4, 30 ndio umri wa kuingia katika utumishi wa hema. Fikirini basi: mwaka aliotazamiwa kuanza kazi ya baba zake ukamkuta hana hekalu. Hapo ndipo alipoona kiti cha enzi chenye magurudumu. Kwangu mimi, magurudumu hayo ndiyo kiini cha kitabu chote. Utukufu walioudhani umefungiwa Yerusalemu ulikuwa umewafuata watu mpaka shambani kwa watu wengine.

Baada ya wito alioupata katika maono hayo, hakuhubiri papo hapo. Sura ya 3 inasema alikaa kati ya wahamishwa siku 7, ameduwaa. Jambo hili tunalipita haraka mno tunapofundisha, kwa sababu tunakimbilia mifupa mikavu ya sura ya 37. Nami nasema bila siku hizo 7 bonde la mifupa halieleweki: aliyeiambia mifupa iishi alikwisha kuketi na wenye mifupa hiyo. Baadaye alifiwa na mke wake, akakatazwa hata kuomboleza hadharani.

Sura ya 18 inawagusa wazazi na vijana wetu. Wahamishwa walijiona wanalipa makosa ya baba zao. Ezekieli akakataa: kila mtu atajibu kwa njia yake mwenyewe, na mlango wa kugeuka uko wazi. Tena sura ya 33 inatuonya sisi viongozi. Watu walimiminika kumsikiliza kama msikilizaji anavyofurahia mwimbaji hodari, kisha hawakutenda neno.

Mlima wetu nao umeonja jambo lililo karibu na utumishi huo wa kubaki bila hekalu. Mwaka 1920 wamisionari wa shirika la Leipzig la Ujerumani waliondolewa, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji. Walikuwa nyumbani, lakini bila wale waliozoea kuwaongoza; wakaendelea kufundisha, kuzika na kuombea wagonjwa.

Leo Rau nayo ina wageni wake, wapangaji wengi: vibarua, wanafunzi, mama lishe, wauguzi waliotoka mikoa ya mbali. Wengine hawajawahi kutembelewa na jumuiya yoyote. Napendekeza kila jumuiya iwafahamu wapangaji wa eneo lake, na ziara ya kwanza iwe ya kuketi na kusikiliza tu. Kadi ya ahadi na ratiba ya ibada zingoje ziara ya pili.