Kilomita 40 za Kambarage

Mwaka 1934, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, aliondoka Butiama kwenda kuanza darasa la kwanza katika Shule ya Mwisenge, Musoma. Ni mwendo wa takriban kilomita 40. Shule ilikuwa ya bweni, na Kambarage Nyerere akaishi mbali na mama yake, Mugaya.

Leo wapo wazazi wa Mukendo, mjini Musoma, wasiomruhusu mtoto wa umri huo kuvuka barabara peke yake kwenda dukani.

Hofu yao haikuzuka hewani. Mwanzoni mwa 2019, mauaji ya watoto mkoani Njombe yalishtua wazazi nchi nzima. Ziwa Victoria nalo lina mamba, na maji ya kando yana kichocho.

Tatizo ni jinsi hofu hiyo inavyopimwa. Mzazi anayekataa mwanawe atembee na wenzake hadi shuleni ndiye huyo huyo anayempakia kwenye bodaboda asubuhi, mishikaki, watatu nyuma ya dereva, kofia ngumu hakuna, begi la wa mwisho likining'inia juu ya taa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Na kuna hili lisilosemwa sana: mvulana akienda kuogelea hugombezwa, lakini dada yake akitumwa ziwani na ndoo alfajiri, habari za mamba haziulizwi.