Jicho la Nje ya Ukumbi: Kulinda Matangazo Mubashara ya Vikao vya Umma

Hotuba iliyosomwa kwa maafisa wa mawasiliano wa wadi kabla ya vikao vya bajeti



Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalitaka Bunge la Kaunti liendeshe shughuli zake kwa uwazi, lifanye vikao vyake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Si kila mwananchi anayeweza kuacha shamba, duka au mgonjwa nyumbani ili afike ukumbini. Ndiyo maana vikao hurushwa mubashara. Lakini matangazo yasiyosikika hayajamfikia mtu, hata kama taa nyekundu ya kamera inawaka.

Chukulia kikao cha makadirio ya bajeti, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Mama mmoja aliye mbali na makao makuu anafuatilia kwa simu, akitaka kujua kama zahanati ya kwao imetengewa fedha. Wadi yake inapotajwa tu, sauti inapotea. Picha ni safi, midomo inacheza, lakini hakuna neno. Ukumbini hakuna anayejua, kwa sababu kila aliye mle anamsikia msemaji kwa masikio yake mwenyewe.

Hapo ndipo penye funzo: aliye ukumbini ndiye wa mwisho kujua. Kila kikao kinahitaji afisa mmoja aliye nje, hata katika wadi nyingine, anayetazama kama mwananchi anavyotazama: kwa simu ya kawaida na kwa mtandao tofauti na ule wa ukumbini. Akitumia laini ileile, hitilafu itamkata naye pia. Kando ya simu hiyo awe na kompyuta inayoonyesha hali ya matangazo, na namba ya fundi aliye ukumbini. Apige simu ya kawaida. Ujumbe wa intaneti huenda ukakwama pale pale palipokwama matangazo.

Afisa huyo akumbuke kwamba anachokiona kimechelewa, mara nyingi kwa sekunde 15 hadi 30. Kwa hivyo amtajie fundi maneno ya mwisho aliyoyasikia. Fundi akisharekebisha, wote wawili wasubiri muda huo upite kabla ya kugusa kitu kingine. Anayebadilisha mambo mawili kwa pamoja hatajua lipi lilikuwa dawa.

Maswali matatu humfikisha haraka kwenye chanzo.

Kwanza, tatizo ni la nani? Mtazamaji mmoja akilalamika ilhali simu na kompyuta ya afisa ziko sawa, huenda tatizo liko kwenye mtandao wa mtazamaji huyo. Vyote viwili vikikwama, fundi aitwe mara moja.

Pili, ni sauti au ni picha? Picha ikiwa safi bila sauti, intaneti isilaumiwe. Fundi atazame kipimo cha sauti kwenye programu ya kurushia matangazo. Kisipocheza, kasoro iko kwenye kipaza sauti, waya, mtambo wa kuchanganya sauti au kitufe cha kunyamazisha.

Tatu, picha ikiganda, ni mtandao au ni kompyuta? Programu kama OBS Studio huhesabu kando fremu zilizopotea kwa sababu ya mtandao na zile zilizorukwa kwa sababu kompyuta imelemewa. Ikiwa ni mtandao, kiwango cha data ya picha kipunguzwe au fundi ahamie laini ya akiba. Ikiwa ni kompyuta, programu zisizohitajika zifungwe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hivyo laini ipimwe kabla ya kikao. Kinachopimwa ni kasi ya kupakia, si ya kupakua. Picha ya 720p inaweza kurushwa kwa megabiti 2.5 kwa sekunde, na ni busara laini iwe na angalau mara mbili ya hizo. Kwa kiwango hicho, saa moja hula takriban gigabaiti 1.1, na kikao cha saa nne hula karibu gigabaiti 4.5. Sauti yenyewe huhitaji kilobiti 128 tu kwa sekunde. Laini ikidhoofika, basi, itolewe kafara picha, si sauti. Mwananchi anaweza kufuata bajeti bila kuona sura ya msemaji; bila kumsikia, hawezi.

Mwisho, kikao kirekodiwe ukumbini wakati wote, ili kilichokatika kiwekwe mtandaoni baadaye. Sauti ikipotea, karani wa kikao ajulishwe papo hapo na mwenyekiti aombwe kurudia sehemu iliyopotea. Saa, tatizo na dawa yake viandikwe kwenye daftari kwa ajili ya kikao kijacho.

Yule mama hatauliza laini ilikuwa na megabiti ngapi. Atauliza kuhusu zahanati yake, na ni haki yake kusikia jibu.